Kupona na Kuweza Kazi

Ugonjwa mkubwa huleta nyumbani siku mbili za wasiwasi. Siku ya kwanza ni ile mtu anapolala kitandani asiweze kuinuka. Siku hiyo yajulikana na wote: jirani huja kutoa pole, ndugu hupiga simu, uji huletwa, wala hakuna amwitaye mgonjwa mvivu. Siku ya pili ni ile anaporuhusiwa kutoka hospitali na kutakiwa arudi kazini. Siku hiyo haina pole wala mgeni. Daktari amekwisha kusema, "Umepona." Jamaa wameshukuru. Mwajiri anangoja, au shamba limejaa majani. Naye mtu mwenyewe asimama mlangoni akijiuliza moyoni kama mwili wake utaweza.

Katika somo la leo twataka kuitazama siku hiyo ya pili. Twaona kwamba wengi hupata hasara hapo, na mara nyingi hakuna aliyewatakia ubaya. Daktari na mgonjwa wametumia neno moja, kila mmoja akiwa na mawazo yake. Wengine hurudi kazini mapema mno, jeraha likafumuka au mfupa ukaunga vibaya. Wengine hukaa nyumbani kupita kiasi, wakapoteza kazi, na nguvu, na moyo pia. Jambo hili lagusa ada za shule na chakula cha watoto. Kwa hiyo lastahili kufikiriwa na kila nyumba.

KIBAHA NA KISARAWE

Ili tusiseme hewani, na tutazame sehemu mbili za Mkoa wa Pwani. Kibaha, makao makuu ya mkoa, ipo kwenye barabara kuu ya Morogoro, kilometa zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilipatana na nchi za kaskazini ya Ulaya, zikiwamo Sweden, Norway na Denmark, kuanzisha hapo kituo kikubwa cha elimu, mafunzo ya kilimo na afya. Mwaka 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Tanzania, nacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Kutokana na kazi hiyo ya afya ilikua hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kuwa ipo kando ya barabara ipitiwayo na mabasi na malori mchana na usiku, Tumbi hupokea majeruhi wengi wa ajali. Kibaha ina walimu, watumishi wa ofisi, wafanyakazi wa viwanda, madereva, na vijana wengi wa bodaboda.

Kisarawe ipo upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, ukishavuka vilima vya Pugu. Huko Masaki, Msanga na Maneromango watu wengi huishi kwa jembe: mihogo, mikorosho, minazi na matunda, wengine huchoma mkaa. Wilaya ina hospitali yake. Ugonjwa ukizidi, mtu hupelekwa Tumbi, au huteremka hata Muhimbili, kwa sababu jiji lipo karibu.

Basi hapa twapata aina mbili za watu. Wa kwanza ana mwajiri, saa za kazi, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wa pili hana bwana wa kumwomba ruhusa. Amri yake yatoka kwa mvua za masika na za vuli, na kwa mikorosho inayoangusha matunda yake kwa wakati wake. Wote wawili huambiwa na daktari maneno yale yale. Twaona mara moja kwamba maneno hayo hayawezi kuwa na maana moja kwao.

NAFUU, KUPONA, KUWEZA

Kiswahili chetu, tukikisikiliza vema, chatufundisha. Twasema mgonjwa amepata nafuu, au ahueni. Maana yake maumivu yamepungua. Twasema amepona, maana yake ugonjwa umeondoka. Tena twasema amepata nguvu. Maana yake mwili waweza kazi yake. Haya ni mambo matatu. Hatari ni kulishika la kwanza kana kwamba ni la tatu.

Chukua malaria. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, na homa aghalabu huondoka katika siku hizo. Kipimo kikirudiwa baadaye chaweza kuonyesha kwamba vijidudu vimekwisha. Ni kweli, mtu amepona. Walakini malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na aliyepungukiwa damu huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda kilima, na moyo humwenda mbio, hata wiki kadhaa baada ya homa kwisha. Mtu huyo akisema jembe limemshinda, hasemi uongo.

Chukua mfupa uliovunjika. Muundi wa mtu mzima mara nyingi huhitaji miezi mitatu hadi sita kuunga sawasawa. Maumivu hupungua mapema kabla ya hapo. Hiyo ni nafuu tu. Na hata mfupa ukiisha kuunga, misuli ya mguu uliokaa bila kazi imekonda na goti limekakamaa. Mtu amepona, lakini bado hawezi kusimama kutwa nzima mbele ya mashine. Yampasa kufundishwa mazoezi na kuyafuata kwa bidii.

Kifua kikuu chageuza utaratibu huo. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi sita. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi kimepungua, uzito umerudi, na mtu ajiona mzima, aweza hata kulima. Lakini bado hajapona, maana vijidudu vimebaki mwilini. Akiacha dawa kwa kuwa nguvu zimerudi, ugonjwa hurudi, pengine ukiwa mgumu zaidi kutibika. Hapa kuweza kumetangulia kupona. Ndiyo maana twasema ni mambo mbalimbali, nayo hayana budi kuulizwa moja moja.

DAKTARI AONA NINI

Tusimlaumu daktari kabla ya kumwelewa. Amefundishwa miaka mingi kuutafuta ugonjwa mwilini na kuuondoa. Asubuhi benchi limejaa. Kila mtu apata dakika chache. Daktari atazama kidonda, asoma kipimo, ahesabu vidonge. Mambo hayo akiyaona mema, kazi yake aiona imekwisha.

Tena daktari anavutwa pande mbili. Yuko mtu ajaye kuomba karatasi ya mapumziko, ile iitwayo ED na wafanyakazi wengi, hali haumwi kitu. Ataka siku mbili za kwenda msibani au kulima shamba lake. Daktari akidanganywa mara tatu, mara ya nne hushuku hata aliye mgonjwa kweli. Na yuko mwajiri alalamikaye kwamba hospitali zawapa watu siku nyingi mno. Kati ya wawili hao daktari huona heri aandike maneno mafupi yasiyomletea maswali.

Sikilizeni mazungumzo haya, ambayo twayatunga kwa mfano, lakini wasomaji wetu watayatambua. Mzee mmoja mkulima wa Kisarawe amepasuliwa ngiri. Baada ya wiki mbili arudi kuonyesha kidonda kwa daktari kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri tu, daktari. Namshukuru Mungu, sijambo."

"Kidonda chauma?"

"Hakiumi sana."

"Vizuri. Umepona. Ila kwa muda huu usifanye kazi nzito."

"Haya, mwanangu. Ahsante sana."

Wote wawili wamesema kwa adabu, wakaachana kwa amani. Lakini tazama lililofichika. Daktari, aliposema "kazi nzito," alikuwa akifikiri magunia na mifuko ya saruji. Mzee hajabeba saruji maisha yake yote. Kwake yeye kung'oa mihogo ni kazi ya kila siku, wala haiiti nzito. Na kubeba ndoo ya maji haihesabu kuwa kazi hata kidogo, ingawa ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kesho yake ainama shambani, ashika shina la mhogo kwa mikono miwili, akaza tumbo, avuta kwa nguvu. Katika kazi zote za shamba, hiyo ndiyo iliyompasa kuiepuka, kwa kuwa aliyepasuliwa ngiri huhitaji mara nyingi wiki nne hadi sita kabla ya kuinua na kuvuta vitu kwa nguvu. Ngiri ikirudi, daktari atasema mzee hakutii. Mzee naye atasema alitii kabisa.

Kama daktari angaliuliza, "Mzee, kesho asubuhi ukiamka utafanya nini?" jibu lingalimtosha.

MGONJWA AONA NINI

Mgonjwa naye ana macho yake. Hautazami ugonjwa peke yake. Atazama nyumba nzima. Kijana wa bodaboda wa Kibaha aliyevunjika muundi ajua kwamba pikipiki si yake, na tajiri ataka hesabu kila siku. Akikaa miezi minne, chombo kitapewa kijana mwingine, na huenda kisirudi. Kwa hiyo katika mwezi wa pili aanza kusema kwamba mguu hauumi. Hadanganyi kwa kupenda. Ni njaa inayomsemesha.

Mwalimu aliyepata kiharusi chepesi, ambaye kinywa chake kimerudi lakini maneno yachelewa, aogopa kicheko cha watoto darasani. Yeye asema mguu wauma kuliko unavyouma. Kinachomfunga nyumbani ni haya, na haya haipimwi maabara. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ajua kwamba ameambiwa asiinue vitu vizito kwa wiki zipatazo sita. Lakini nyumbani hakuna mwingine wa kuchota maji, na mama mkwe akumbusha kwamba yeye alizaa saba na kuamka siku ya tatu.

Juu ya hayo yote kuna desturi yetu ya kujibu. Tumelelewa kusema "Nzuri" na "Sijambo" hata tukiwa na taabu. Ni adabu, nayo ni njema barazani. Walakini mbele ya daktari adabu hiyo yaweza kutudhuru. Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Sisi twaongeza kwamba mficha kazi yake humfunga daktari macho. Asipojua kwamba wewe ni mkwezi wa minazi, atajuaje kwamba kizunguzungu chako kidogo chaweza kukuua?

SWALI LA MWAKA 1700

Jambo hili si geni duniani. Zaidi ya miaka 300 iliyopita alikuwako Italia daktari aitwaye Bernardino Ramazzini, mwalimu wa utabibu katika miji ya Modena na Padova. Aliwatazama watu waliokuwa wakisafisha mashimo ya choo, akaona jinsi macho yao yalivyoharibika. Ndipo akaanza kuingia katika karakana za wafinyanzi, wahunzi, wachimba madini na wafumaji, akiwauliza habari za kazi zao. Mwaka 1700 alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanya kazi. Humo aliwashauri madaktari kwamba, pamoja na maswali yote waliyorithi kutoka kwa Hippocrates wa Ugiriki ya kale, waongeze swali moja, hasa wakimtibu mtu wa kawaida: kazi yake ni ipi?

Swali hilo ni dogo. Halihitaji mashine wala fedha. Lakini linaingiza shamba, kiwanda na barabara ndani ya chumba cha daktari.

SHERIA YASEMAJE

Mwenye mwajiri ana haki ambazo wengi hawazijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku zisizozidi 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zifuatazo hulipwa nusu mshahara. Kwa kawaida haki hiyo ya malipo huanza baada ya miezi sita ya kazi, na mfanyakazi hana budi kuleta cheti cha daktari. Asiyeleta cheti aweza kukosa malipo hata kama aliumwa kweli. Basi karatasi ile si ya kutupwa mfukoni ikachakaa.

Tena kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zamtaka mwajiri asiharakishe kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya afya. Yampasa kuuliza chanzo cha udhaifu wake, kiasi chake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa ili aiweze, au kama ipo nyingine ya kumpa. Aliyeumia kwa sababu ya kazi yenyewe astahili kuangaliwa zaidi. Huyo anao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hutoa matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arudie kazi na maisha yake.

Uingereza nayo yatupa mfano mzuri. Kwa miaka mingi karatasi ya daktari huko ilikuwa na maneno mawili tu: aweza kazi, au hawezi. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 iligeuzwa. Tangu hapo daktari aweza kuandika kwamba mtu huenda akaiweza kazi akisaidiwa, kisha aonyesha msaada gani: arudi kidogo kidogo, saa zake zibadilishwe, kazi zake zipunguzwe, au mahali pa kazi parekebishwe. Daktari wetu wa Tumbi au wa Kisarawe hahitaji kungoja karatasi mpya kutoka serikalini ili aandike maneno kama hayo. Mstari mmoja watosha: "Asisimame zaidi ya saa mbili kwa mfululizo, asiinue zaidi ya kilo tano, arudi kwangu baada ya wiki nne." Karatasi ya namna hiyo yamfaa mwajiri kuliko ile isemayo "kazi nyepesi," maana kazi nyepesi kila mtu huipima kwa mkono wake. Wala si lazima mwajiri ajue siri zote za mwili wa mtu. La muhimu kwake ni kujua mtu huyo aweza nini na hawezi nini.

Lakini sheria hizi, njema kama zilivyo, zasimama mlangoni mwa mwenye ajira. Mkulima wa Msanga na kijana wa bodaboda asiye na mkataba hazimfikii. Bima ya afya, aliye nayo, humlipia matibabu. Haimlipii siku alizokosa shambani. Kwa watu hao, likizo ya ugonjwa ni jamaa na jirani.

MFANO WA KIFUA KIKUU

Nchi yetu yenyewe imewahi kuufundisha ulimwengu jinsi daktari na mgonjwa wanavyoweza kufuatana hata mwisho. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyeshauri katika kazi hiyo alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu alipokuwa katika kambi ya wafungwa ya Manazi. Utaratibu wao ulikuwa wazi: makohozi yapimwe kwa hadubini, kila mgonjwa aandikwe katika daftari, dawa zisikatike, na mtu afuatwe mpaka amalize. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuuhimiza kwa nchi nyingine nyingi.

Sifa ya utaratibu huo ni kwamba haukumwacha mtu alipopata nafuu. Ndilo jambo tunalolitamani kwa kila mgonjwa arudiye kazini.

Walakini hata hapa kazini pamebaki na giza. Mtu mwenye kifua kikuu cha kawaida, akimeza dawa zinazofaa barabara, kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki zipatazo mbili. Daktari akiridhika, na nguvu zikiruhusu, aweza kurudi kazini hali angali akimeza dawa. Wenzake wanaomtengea kikombe na kiti katika mwezi wa tatu wamwogopa bure. Na yeye, kwa kuogopa kuonekana, huenda akaacha kwenda kuchukua dawa. Hapo ndipo hatari ya kweli huzaliwa. Vivyo hivyo kwa aishiye na virusi vya UKIMWI. Tangu dawa zilipoanza kutolewa nchini bila malipo mwaka 2004, watu wengi sana wamerudi kwenye kazi zao na kulea watoto wao. Na sheria yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo.

KUZUIWA NA KUHIMIZWA

Kuna wakati mgonjwa asema, "Naweza," na daktari hana budi kusema, "Hapana." Dereva wa basi aliyeanguka kifafa ajisikia mzima siku ya pili, lakini nyuma yake wameketi abiria hamsini. Mkwezi wa minazi, fundi wa paa na mchoma mkaa, wakiwa na ugonjwa wa kuanguka, wamo katika hatari iyo hiyo. Hapo upole wa daktari ni kusema kweli, na kumsaidia mtu atafute kazi nyingine mapema. Kumfungia mtu njia moja bila kumwonyesha nyingine ni kumrudisha kwenye njia ile ile kwa siri.

Kuna wakati mwingine mgonjwa asema, "Siwezi," na daktari yampasa kumtia moyo. Zamani aliyeumwa mgongo aliamriwa kulala kitandani siku nyingi. Siku hizi madaktari wamejifunza kwamba, kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala sana kwadhoofisha, na mtu hupona vema akiendelea kutembea na kufanya kazi kwa kiasi. Kazi nayo, ikipimwa vizuri, ni sehemu ya dawa. Mtu aliyekaa nyumbani miezi mingi aanza kujiona hana faida. Aona aibu kuketi mezani. Watoto wazoea kumpita. Kumrudishia kazi ndogo, hata kuhesabu vifaa ghalani au kuchambua korosho kivulini, ni kumrudishia nafasi yake katika nyumba.

Twajuaje, basi, lini kuzuia na lini kuhimiza? Hakuna kanuni moja kwa watu wote. Daktari ajua mwili. Mgonjwa ajua kazi. Kila mmoja ana nusu ya jibu, na nusu mbili hazikutani mpaka wakae wakaulizana.

LA KUFANYA

Mgonjwa, kabla hujaenda hospitali, fikiri siku yako ya kazi tangu alfajiri hata jioni: unainua nini, unasimama saa ngapi, unapanda wapi, unatembea umbali gani. Mweleze daktari hayo bila kungoja kuulizwa. Ukiulizwa hali, weka "Sijambo" kando kidogo, ueleze kweli. Na kama waogopa kupoteza kazi, sema. Hofu hiyo nayo ni habari ambayo daktari aihitaji.

Daktari na mwuguzi, ulizeni swali la Ramazzini. Semeni kwa vitu na kwa siku: ndoo, jembe, pikipiki, wiki nne. Mgonjwa arudie mliyomwambia kwa maneno yake, ndipo mtajua amesikia nini.

Mwajiri, mtu aliyerudi nusu siku ni bora kuliko mgeni asiyeijua kazi. Mpokee kwa utaratibu: wiki ya kwanza saa chache, wiki ya pili zaidi. Zungumza naye kabla hujaamua juu yake.

Jamaa na jirani, msiiondoe pole siku mgonjwa anapotoka hospitali. Kwa mkulima wiki hizo sita ndizo zenye gharama. Kama ni wakati wa kupalilia, watu wanne wakitoa asubuhi moja kila mmoja, mzee wetu wa ngiri hatakuwa na sababu ya kung'oa mhogo. Na mama aliyepasuliwa asipimwe kwa mama mwingine aliyezaa saba. Mwili wake ni wake, na mshono ni wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani alirudi kazini baada ya ugonjwa, nasi tulimsaidiaje katika wiki zile za kwanza?

2. Daktari akituambia "kazi nyepesi," kila mmoja wetu aelewa nini? Tutaje kazi zetu za kila siku na kuzipima: ipi ni nzito kweli?

3. Mfanyakazi aliye nyumbani mwetu azijua siku zake za likizo ya ugonjwa, na ajua mahali alipoweka vyeti vyake?

4. Yuko jirani ambaye amepona kwa daktari lakini bado hajaweza shambani? Asubuhi ipi wiki hii twaweza kumpa?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Jembe lipo, na palizi haingoji.